Barua ya Mkaguzi na Majipu ya Watoto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Ilikuwa Jumatano, siku ya sindano, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha kuchemshia vyombo, saa ya mtu mkononi, nimekatazwa kusema neno. Mimi huyu, na mdomo wangu unaoujua. Nikakaa, nikanyamaza. Nitakueleza kwa nini, maana tangu asubuhi nakuona unazunguka na hiyo karatasi ya wakaguzi waliokuja kwenye bohari yenu ya dawa. Unaisoma, unaikunja, unaikunjua, unamsema mkaguzi mmoja ambaye hayupo hapa kujitetea. Hebu iweke mezani, ukae.

Hasira hizo umezitoa kwangu, sikulaumu. Miaka ile ya sabini, watu wakiwa ndiyo kwanza wamehamia vijijini, mimi nilikuwa nesi kijana kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na gauni jeupe ambalo nililipiga pasi hata siku za matope, na matope ya kwetu unayajua. Nilijiona nimefika. Wagonjwa waliniita Sista Veronika, nami nilipoitwa hivyo shingo ilirefuka.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Bukuru, mganga wa siku nyingi, mtu mpole, macho yake yameanza kufifia hata barua alisomewa. Na alikuwepo mama mmoja mhudumu, Anastazia, mjane kutoka kijiji cha Titye, mwenye watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufua mashuka, na kuchemsha mabomba ya sindano. Nyinyi leo mnachoma sindano moja mnatupa. Sisi tulikuwa na mabomba sita ya kioo kwa kituo kizima, yanachemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, yanatumika, yanaoshwa, yanarudi sufuriani. Sheria ilikuwa yachemke dakika ishirini. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Anastazia alipima kwa rozari. Maji yakianza kuchemka naye anaanza, anasali kwa sauti ya chini huku anapanga pamba, akimaliza mafungu yote matano anazima jiko. Sote tulijua, na hakuna aliyeona neno.

Sasa, mwaka ule watoto walianza kurudi na majipu. Mtoto anachomwa penisilini wiki hii, wiki ijayo mama anamrudisha paja limevimba, linatoa usaha, mtoto hataki kuguswa. Alikuja mmoja, wakaja watatu, kisha wengine. Nilikuwa nawaambia kina mama kwamba ni uchafu wa nyumbani, wasiwaogeshe watoto kwenye madimbwi. Niliwaambia hivyo bila haya. Basi mzazi mmoja akafikisha malalamiko juu, na haikupita muda mrefu Landrova ikapanda kilima kutoka Kigoma na mkaguzi ndani.

Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, mwenye daftari. Alifungua makabati, akahesabu makopo, akanusa chupa za dawa ya kikohozi. Halafu akaingia chumba cha kuchemshia, mimi nikiwa nyuma yake, akamuuliza Anastazia anajuaje kwamba dakika ishirini zimetimia. Mama wa watu akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni rozari moja nzima, bwana. Mkaguzi akaandika. Mimi nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Niliona tumeaibika, tumeonekana washamba mbele ya mtu wa mkoani.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilitaja kasoro tano na kututaka tujibu ndani ya siku kumi na nne, kila kasoro na chanzo chake, na hatua tuliyochukua. Nyingine zilikuwa ndogo ndogo: kabati la dawa halina kufuli, chupa za dawa ya kikohozi hazina karatasi ya jina na tarehe, daftari la stoo lina kurasa zilizorukwa. Ya nne ilisema tunawapa watu makopo ya malhamu, dawa ya kupaka, yaliyokwisha muda wake. Ya tano ndiyo kubwa: mabomba ya sindano hayapimiwi muda kwa saa, na inaelekea ndiyo sababu ya majipu.

Mzee Bukuru alikuwa anakwenda mkutanoni Kibondo siku hiyo hiyo. Akaniachia kituo na barua pia, akasema nianze kuiandalia majibu, akirudi tutayatazama pamoja. Mwanangu, mtu ukimpa madaraka ya siku nne, ndipo utamjua. Nilikaa mezani baada ya wagonjwa kwisha, nikachota wino, na kabla jua halijashuka nilikuwa nimemaliza zote tano. Kiswahili cha barua nilikuwa nacho, hilo nisijinyime. Kufuli, nikaandika limewekwa, na lilikuwa bado dukani Kasulu. Karatasi za majina, nikaandika zimebandikwa, na gundi hatukuwa nayo. Daftari, nikaandika limesahihishwa. Makopo ya malhamu, nikaandika tumekosa na hatutarudia. Na pale pa mabomba nikaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: chanzo ni mhudumu kupima muda kwa sala, na hatua iliyochukuliwa ni mhudumu huyo kuondolewa kazini.

Kwa kuwa nilishaandika ameondolewa, ilibidi aondolewe. Asubuhi yake nikamwita barazani, watu wamekaa kwenye mabenchi wanasikia, nikamwambia, Mama Anastazia, mkaguzi amekukuta na kosa, watoto wanaumia kwa ajili yako, kazi yako hapa imekwisha. Yeye ni mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakubisha. Aliinama kidogo akapiga makofi taratibu, yale makofi tunayompigia mkubwa kwa heshima, akavua aproni, akaikunja vizuri akaiweka kwenye benchi, akaondoka. Nikajisemea moyoni, umeona, hata kujitetea ameshindwa. Nami ni Muha, nimezaliwa na kukuzwa humu humu, najua kwamba kwetu mtu mdogo wa cheo hambishii mkubwa mbele za watu hata akionewa. Najua kabisa. Lakini chuo kilikuwa kimenitia pamba masikioni, au niseme nilijitia mwenyewe, ndiyo kweli zaidi.

Mzee Bukuru alirudi Jumanne mchana. Nikamletea barua atie sahihi, nimeinyoosha vizuri, kalamu pembeni. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa madaha. Nilipomaliza akauliza kama kufuli lipo. Nikasema litanunuliwa. Akauliza gundi. Nikasema itapatikana. Akauliza kuhusu makopo ya malhamu, kama ni kweli tunawapa watu. Nikasema hapana, yale yapo kwenye kasha la kurudishwa Kigoma, mkaguzi hakuelewa. Basi kwa nini umeandika tumekosa, akauliza. Nikasema ni mgeni kutoka mkoani, sikutaka kumbishia, na tena kukiri kunafupisha barua.

Kisha akauliza lile la mwisho. Ulimuuliza Anastazia? Nikamjibu, nimuulize nini wakati alishajibu mbele ya mkaguzi. Akaniuliza siku ngapi nimekaa chumba cha kuchemshia nikaona kazi inavyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho. Haikuwa hata moja. Mimi chumba kile nilikuwa naingia kuchukua mabomba na kutoka.

Mzee Bukuru hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliikunja ile barua yangu nzuri, akanirudishia, akasema, "Umeijibu barua, mwanangu. Jipu hujalijibu."

Halafu akanipa amri mbili. Ya kwanza, niende sasa hivi kwa miguu nikamrudishe mama wa watu. Ya pili, kesho siku ya sindano yeye mwenyewe atachoma badala yangu, na mimi nitakaa na saa yake ya mkononi chumba cha kuchemshia, sufuria ya kwanza mpaka ya mwisho, nisiseme, nisisaidie, nisiguse. Nitazame tu.

Nilikwenda. Kutoka kituoni hadi Titye si hatua mbili, na nilikuwa nimevaa viatu vya kazini. Nilimkuta shambani anang'oa maharage pamoja na binti yake mkubwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote. Nikamwambia Mzee anakuita urudi, na mimi nimekosea kukusema mbele za watu. Alinitazama, akaangalia viatu vyangu, akaniambia niketi nipumzike kwanza ninywe uji. Hakusema amenisamehe. Nikanywa uji ule kwa shida, mwanangu. Binti yake alikuwa ananikazia macho, na alikuwa na haki.

Basi ndiyo ikafika ile Jumatano. Mvua ya manyunyu, kina mama wamejaa barazani na watoto mgongoni. Anastazia akapanga mabomba sita sufuriani, akatia maji, akawasha jiko. Maji yalipochemka akaanza rozari yake, mimi nikatazama saa. Aliposali fungu la tano na kuzima jiko, mshale ulikuwa umepita dakika ishirini na tatu. Nikadhani nimekosea kusoma. Sufuria ya pili nikasoma tena, ishirini na tatu na kidogo. Yule mama alikuwa anachemsha zaidi ya tulivyotakiwa. Chanzo nilichokiandika kwa wino kilikuwa si chanzo, na kwa hicho nilikuwa nimemnyang'anya mama wa watoto wanne mkate wake.

Ningeweza kuondoka pale nikafurahi kwamba si yeye. Lakini nilikuwa nimeambiwa nitazame mpaka mwisho. Sufuria ya kwanza nilikuwa nimekodolea saa tu, sikuona kingine. Ya pili nikamtazama yeye. Alimwaga yale maji yaliyochemka, mabomba yakabaki yanafuka moshi. Kisha akageuka, akachukua kikombe, akachota maji kwenye mtungi uliokuwa pembeni ya mlango, akayamimina juu ya mabomba ili yapoe.

Maji ya mtungi, mwanangu. Maji ya kijitoni, yale ambayo kila mtu alichota akanywa, hayajawahi kuonja moto. Dakika ishirini na tatu za kuchemsha zinafutwa na kikombe kimoja.

Amri ya kunyamaza ikanishinda. Nikamuuliza, Mama, kwa nini unafanya hivyo? Alisimama na kikombe mkononi. Akajibu taratibu, kwa Kiha, nami nakuambia kwa Kiswahili:

"Ni wewe uliyenifundisha, Sista. Ulisema yanakuunguza mikono, na watu ni wengi."

Mwanangu, nilikumbuka pale pale. Mwezi wangu wa kwanza, masika, foleni imefika barabarani. Nilishika bomba likaniunguza vidole, nikafoka kutoka chumba cha sindano, yapoze hayo mabomba upesi, mimina maji, unangoja nini. Siku ile moja tu nilisema, nikasahau. Yeye hakusahau. Kila siku ya sindano tangu hapo alitii neno la mkubwa wake. Nikamuuliza tena, kwa nini hukumwambia mkaguzi. Akasema mkaguzi aliuliza muda, maji hakuyauliza. Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo.

Nililia, sitakuficha. Si kwa upole, nililia kwa hasira, na mtu wa kumkasirikia hayupo ila mimi. Yale majipu yote, wale watoto wasiotaka kuguswa, na maneno niliyowaambia mama zao juu ya madimbwi. Anastazia akanishika bega. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, akarudisha mabomba sufuriani, akawasha jiko, akaanza rozari upya.

Mchana ule tuliandika barua ya pili, mimi na Mzee Bukuru. Pale pa chanzo nikataka kuandika kwamba kituo kilikuwa kinapoza mabomba kwa maji yasiyochemshwa. Mzee akasema kituo ni kuta na bati, hakijui kufoka. Nani alisema mimina maji? Basi nikaandika: chanzo ni nesi Veronika kuamuru vyombo vipozwe kwa maji ya mtungi, kwa haraka ya foleni. Na hatua tukaandika zile tulizoziweza tu. Jiko litawashwa alfajiri kabla watu hawajafika, mabomba yapoe yenyewe sufuriani yamefunikwa. Mtungi umetolewa chumba kile, leo, na kweli tuliubeba kwanza ndipo tukaandika. Tunaomba mabomba sita mengine ili haraka ipungue. Saa tunaiomba pia, na mhudumu atafundishwa kuisoma.

Kufuli tukaandika litakuwepo mwisho wa mwezi, atalinunua nani na siku gani. Na kuhusu makopo ya malhamu, Mzee akaniamuru niandike kwa adabu kwamba hapo mkaguzi hakuelewa, makopo yako kwenye kasha la kurudishwa, lakini kasha halikuwa na maandishi, hilo ni kosa letu, sasa limeandikwa. Nilishangaa. Nilikuwa najua majibu mawili tu, kukataa yote au kukubali yote. Sikujua kwamba mtu unaweza kusema hili ni kweli, hili si kweli, na yote mawili ukayasema kwa heshima.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akasema bado. Mkaguzi amejibiwa, na kina mama je? Akanituma nyumba kwa nyumba, kwa kila mtoto aliyeota jipu tuliyemkumbuka, nikaseme si madimbwi, ni mimi. Nenda kafanye hivyo uone ilivyo. Wengine walicheka kwa aibu wakanikaribisha. Mmoja alilia. Mmoja alikuwa anasuka mkeka, mtoto wake anachechemea uani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, akasema, "Nimekusikia," akaendelea kusuka. Hakumleta tena mtoto wake kwangu. Akiumwa alimbeba kwenda mpaka Kibondo. Kila nilipomwona barabarani na mtoto mgongoni ananipita, nilijua anakwenda wapi na kwa sababu gani.

Na mimi nikalipa. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Tabora kusomea ukunga, jina langu likarudishwa nyuma mwaka mzima, na barua ya onyo ikaingia kwenye faili. Mkaguzi aliporudi miezi michache baadaye, aliuliza huyo Veronika ni nani. Nikasimama. Alinitazama akasema amesoma majibu ya vituo vingi, na vyote vinasema chanzo ni mhudumu. Akaingia chumba cha kuchemshia, akamkuta Anastazia, akakaa naye sufuria nzima. Majipu yalikuwa yamekoma. Wiki zilipita, kina mama walirudi na watoto kwa homa, kwa kikohozi, kwa minyoo, si kwa paja lililovimba.

Sasa chukua karatasi yako. Nasaha yangu ni hii, na usiniambie mambo ya kisasa ni tofauti, najua mna kompyuta. Usijibu siku unayoipokea. Siku hiyo unaijibu hasira yako. Ondoka mezani uende pale kazi inapofanyika, ukae, utazame tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale unapodhani umeshaona. Wakaguzi wameona alama, na pengine alama yenyewe wameisoma vibaya, lakini hawakupanda gari bure. Walipokosea, waambie kwa adabu na uwaonyeshe. Walipopatia, usiwakubalie kwa kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Usiandike limefanyika kama halijafanyika. Usiandike tutakuwa waangalifu zaidi, hiyo si hatua, ni pumzi tu. Andika nani atafanya nini na lini, na ukishaandika, lifanyike.

Na ukiona chanzo cha kila kosa kinaangukia kwa mtu wa chini kabisa, yule anayefagia, anayebeba maboksi, anayefungua mlango wa stoo, weka kalamu chini. Mtafute ukiwa peke yako, mkae sawa, umuulize ni nani alimwambia afanye hivyo. Halafu uwe tayari kulisikia jina atakalolitaja. Dawa zenu zinakwenda kwa watu ambao hamtawaona maishani, na hao ndio wanaongoja hilo jibu, kuliko huyo mkaguzi unayemsema tangu asubuhi.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe macho ya kutazama mpaka mwisho na moyo wa kustahimili utakachokiona. Na yeyote atakayemeza dawa iliyopita mikononi mwako, awe wa Kasulu, awe wa ng'ambo, apone, asijue hata siku moja kwamba ulikuwepo.